Tuache Kusema "Ni Malaria Tu": Kumbukumbu ya Benja Ayimba

Wasee wangu, kuna neno moja dogo sana la Kiswahili linaloua watu Kenya hii. Neno lenyewe ni "tu". Ni malaria tu. Ni homa tu. Ni uchovu tu, nikilala itaisha. Nimelisikia kwa stage, kwa gym, kwa chumba cha kubadilishia nguo, na kwa kila kikundi cha WhatsApp nilicho ndani yake. Na kila nikilisikia namkumbuka mtu mmoja ambaye wengi wenu mlio chini ya miaka ishirini hamjawahi kuambiwa habari zake vizuri: Benjamin Otieno Ayimba. Watu wa raga walimwita Benja.

Benja alifariki Ijumaa ya tarehe 21 Mei 2021, hapa Nairobi, katika hospitali ya Kenyatta. Alikuwa na miaka 44. Alikuwa nahodha wa zamani wa timu ya taifa, tena kocha aliyetupa ushindi mkubwa zaidi ambao raga ya Kenya imewahi kuuona. Hakuondoka kwa ajali ya barabarani wala kwa corona, ingawa mwaka huo ukikohoa kidogo watu wanakimbia. Aliondoka kwa malaria iliyopanda kichwani. Malaria ile ile tunayoifupisha na kuiita "kamalaria", kama mtoto wa jirani.

Nataka leo tuongee mambo mawili. Kwanza, huyu jamaa alikuwa nani, kwa sababu ni aibu kizazi chetu kumjua kocha wa Arsenal na wasaidizi wake wote na kutomjua Benja. Pili, tunamkumbuka vipi mtu kama yeye bila kuishia kuweka picha yake na mshumaa kila Mei, halafu basi.

Tuanze na mtu mwenyewe.

Kama wewe ni mtoto wa Ngong Road, unajua kwamba hiyo barabara ndiyo nyumbani kwa raga Nairobi. Klabu ya Impala iko huko, na huko ndiko jina la Benja lilikokua. Alicheza kama mtu mwenye deni na uwanja. Akawa nahodha wa Kenya, akaenda Uingereza kucheza na Cornish Pirates, wakati ambao Mkenya kucheza raga ya kulipwa nje ilikuwa kitu cha ajabu. Kisha akarudi, akashika kazi ya ukocha.

Sasa sikia hii. Mwaka 2009 akiwa kocha wa Shujaa, yaani timu yetu ya wachezaji saba kila upande, Kenya ilifika fainali ya duru ya Raga ya Dunia kwa mara ya kwanza kabisa, kule Adelaide, Australia. Tulipoteza kwa Afrika Kusini. Lakini mwezi mmoja kabla ya hapo kulikuwa na Kombe la Dunia Dubai, na kwenye robo fainali tukapangwa na Fiji. Hao Fiji ndio waliokuwa wanashikilia kombe. Ukitaka kuelewa Fiji kwa raga ya saba ni nani, fikiria Brazil ya zamani kwa kandanda, halafu ongeza. Kenya iliwapiga 26-7. Tukaingia nusu fainali, Argentina wakatufunga 12-0, na Wales wakachukua kombe. Lakini kutoka siku hiyo hakuna timu ilikuwa inapangwa na Kenya na kulala usingizi mzuri.

Baadaye Benja aliondoka kwenye timu. Tukaleta Mwingereza, Mike Friday, kisha Paul Treu kutoka Afrika Kusini. Makocha wazuri, siwezi kusema vibaya. Lakini mambo yakaja yakaharibika, na msimu wa 2015/2016 tulipotafuta mtu wa kuturudisha njiani, tulimrudia nani? Benja.

Jumapili ya tarehe 17 Aprili 2016, Singapore. Nusu fainali tukapita Argentina, wale wale wa Dubai. Fainali ni Fiji. Matokeo: Kenya 30, Fiji 7. Siongezi chumvi. Thelathini kwa saba. Hilo ndilo kombe la kwanza Kenya kushinda kwenye Raga ya Dunia tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1999. Collins Injera akafunga trai mbili. Nilikuwa mtoto wa shule, sikuwa najua sheria hata moja ya raga, na nakumbuka tu watu wazima mtaani wakikumbatiana kama wamelipwa mkopo.

Na kama unafikiri Fiji walikuwa wamechoka siku hiyo, ngoja. Miezi minne baadaye, Agosti 2016, raga ya saba ilichezwa kwa Olimpiki kwa mara ya kwanza, Rio de Janeiro. Dhahabu ilienda Fiji. Ilikuwa medali yao ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya nchi yao, na kwenye fainali waliwapiga Waingereza 43-7. Yaani timu iliyokuwa bora kuliko zote duniani mwaka huo, Mkenya mmoja na vijana wake walikuwa wameipatia thelathini.

Huko Rio Shujaa hawakufanya vizuri, na Benja akaacha kazi mwaka huo. Aliyemfuata ni Innocent Simiyu, kijana aliyekuwa amemfundisha mwenyewe. Ndio maana nasema ukitafuta alama za Benja usitafute kwa kabati la makombe peke yake. Tafuta kwa watu. Humphrey Kayange na ndugu yake Collins Injera walicheza chini yake Dubai 2009, na miaka saba baadaye wote wawili wakaenda naye Rio. Kayange leo yuko kwenye kamati ya kimataifa ya Olimpiki. Kocha anaweza kukupa mbinu, lakini mchezaji kukaa na wewe miaka saba, hiyo ni kitu ingine.

Sasa tufike pale panapouma.

Mwanariadha akifariki, sisi hutafuta sababu kubwa inayolingana na ukubwa wake. Tunataka kusikia ugonjwa wenye jina refu ambao hata daktari anaukwama. Tukiambiwa malaria tunanyamaza kidogo, halafu tunauliza, "Malaria? Hii malaria ya mbu?" Kama kwamba mbu anapaswa kuogopa mtu wa kilo mia moja aliyewahi kugongana na Wasamoa.

Mbu haogopi mtu. Na hapa acheni niwaeleze mambo ambayo si siri. Mimi sijasomea udaktari, hata chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili, lakini haya yote yamebandikwa kwa ukuta wa karibu kila dispensari nchi hii, shida ni kwamba tukiwa kwa foleni tunaangalia simu.

Malaria kali tuliyo nayo Kenya huletwa na kimelea kinachoitwa Plasmodium falciparum. Mbu jike wa aina ya Anopheles akikuuma usiku, kile kimelea kinakimbilia kwenye ini na kujificha. Hutasikia kitu. Utaenda kazini, utacheza mechi, utapiga picha. Kwa kawaida dalili hutokea siku kama kumi hadi kumi na tano baada ya kuumwa. Vikitoka kwenye ini vinaingia kwenye chembe nyekundu za damu, na hapo ndipo homa, baridi, kichwa na viungo vinaanza.

Sasa ubaya wa falciparum ni huu: zile chembe za damu zilizovamiwa huwa zinanata. Zinashikana na kuta za mishipa midogo na kuziba njia. Zikiziba mishipa ya ubongo, mtu anaanza kuchanganyikiwa, anaweza kupata degedege, anaweza kupoteza fahamu. Hiyo ndiyo tunaita malaria imepanda kichwa. Na bila matibabu, mtu anaweza kutoka kwa "nasikia baridi kidogo" hadi hali mahututi ndani ya masaa ishirini na nne. Hapo vidonge havitoshi tena. Ni sindano ya artesunate kwa mshipa, ni kitanda cha hospitali, ni watu wa kukuangalia usiku na mchana.

Nimesema hivi na nataka nieleweke. Simlaumu Benja kwa lolote, na mtu yeyote asisome hapa akafikiri nasema alipuuza. Ugonjwa unaweza kumshinda mtu hata akifanya kila kitu sawa. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Ninaongea na sisi tulioachwa nyuma, tunaobeba mazoea mabaya kama ni sifa.

Na zoea la kwanza ni hili la kufikiri Nairobi ni ngao. Ni kweli, hapa juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, malaria haisambai sana kwa sababu ya baridi. Lakini sisi hatukai Nairobi mwaka mzima. Tunaenda ushago Desemba. Tunaenda matanga Siaya, harusi Busia, ruracio ya rafiki, likizo Kilifi. Na watu wa raga ndio wanasafiri kuliko wote. Ukiangalia zile raga za saba za kila mwaka za nyumbani, Dala Sevens iko wapi? Kisumu. Driftwood Sevens iko wapi? Mombasa. Ziwa na bahari, mahali penye malaria kuliko kwingine nchini. Mnaenda mbogi nzima, mnalala watu sita kwa chumba kimoja cha wageni, dirisha wazi kwa sababu ya joto, neti imefungwa fundo huko juu na hakuna mtu anaifungua kwa sababu "tuko hapa usiku mbili tu". Hiyo "tu" tena.

Kuna kitu watu wengi hawajui hapo. Mtu aliyekulia pande za ziwa na kuumwa na mbu mara nyingi tangu utotoni, mwili wake hujifunza kupigana kiasi. Si kinga kamili, lakini inasaidia. Akihamia Nairobi akae miaka, ile kinga inapungua. Kwa hivyo yule anayesema "mimi ni mtoto wa Homa Bay, malaria ni rafiki yangu" na ameishi Umoja miaka kumi na tano, huyo ako katika hatari karibu sawa na mimi niliyezaliwa hapa hapa. Mwili ulisahau. Urafiki uliisha bila yeye kuambiwa.

Jamaa mmoja wa plot yetu alirudi kutoka mazishi Migori mwaka jana. Wiki ya pili akaanza kutetemeka. Akasema ni baridi ya Julai. Akanywa Panadol, akanywa chai ya tangawizi, akavaa jaketi mbili. Siku ya tatu akaanza kuongea na ukuta. Tukambeba na boda, mimi katikati, yeye akiwa amelala kwa bega langu kama mtoto. Alipona. Lakini daktari alituuliza swali moja tu: amesafiri hivi karibuni? Na tulipojibu ndiyo, akatuangalia sisi wanne watu wazima, hakusema kitu, akaenda kutafuta sindano. Lile jicho bado naliona.

Zoea la pili ni kukaza. Hii ni ya vijana wa kiume hasa, na kwa michezo imekuwa dini. Umeumia, kaza. Unatapika, kaza. Una homa na kuna mechi Jumamosi, kaza, utalala Jumapili. Nimeona kocha wa mtaa akimwambia kijana wa miaka kumi na saba mwenye homa kwamba jasho litaitoa. Jasho halitoi kimelea kwa damu, buda. Linatoa maji na chumvi tu. Kuna methali tuliifundishwa shule ya msingi tukaiimba bila kuielewa: mficha maradhi kifo humuumbua. Raga ni mchezo wa watu wagumu, sawa. Lakini ugumu wa kubeba mtu kwa scrum na ugumu wa kutetemeka kimya kitandani ni vitu viwili tofauti. Moja inasaidia timu. Ingine inaiachia pengo.

Zoea la tatu ni kujitibu kwa kubahatisha. Tunaenda kwa duka la dawa, tunasema "nipe za malaria", tunapewa. Hakuna aliyepima. Pengine ni typhoid, pengine ni kitu kingine kabisa, na wakati unapotea. Au ni malaria kweli, unapewa zile vidonge za AL, ambazo unafaa kumeza mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Siku ya pili unasikia nafuu, unaacha, na zilizobaki unamwekea mwenzako wa chumba. Sasa mko wawili, na hakuna aliyetibiwa. Kipimo chenyewe ni tone moja la damu kwa kidole, na jibu linakuja kabla hujamaliza kulalamika kuhusu foleni.

Mtu ataniambia, "Lakini malaria inatibika, mbona unatuogopesha?" Ndiyo, inatibika. Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Ugonjwa usio na dawa unaweza kusema ni mapenzi ya Mungu ukakaa. Ugonjwa wenye dawa, wenye kipimo, wenye neti, ukiendelea kuchukua watu, basi kuna mahali sisi kama jamii tunalala. Hata chanjo imekuja: Kenya ilianza kuwapa watoto wadogo chanjo ya malaria Septemba 2019 pande za ziwa, na Oktoba 2021, miezi michache baada ya Benja kuondoka, Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wanaoishi penye malaria nyingi. Dunia inasonga. Sisi bado tuko kwa "tu".

Sasa tuguse pesa, kwa sababu bila pesa haya yote ni mahubiri.

Benja alipokuwa hospitalini, familia na marafiki walilazimika kuomba Wakenya wachange kugharamia matibabu. Mtu aliyeiletea nchi kombe. Nataka ukae na hilo kidogo.

Tunajua hizo picha. Mtu anatabasamu, chini kuna namba ya paybill, juu kuna maneno "Tumsaidie mwenzetu". Zinakuja kila wiki: mwanamuziki, muigizaji, bondia, mchezaji wa kandanda wa miaka ya themanini. Tunatuma mia, tunatuma hamsini, tunaandika "apone haraka". Na mimi sitawahi kucheka mchango. Mchango ndio umetulea. Wengine wetu tumesomeshwa na mchango, tumezikiwa wazazi na mchango. Harambee ni ya kwetu.

Lakini harambee inayoanza mtu akiwa tayari hajitambui imechelewa. Familia inapaswa kuwa kando ya kitanda, badala yake iko kwa simu inahesabu jumbe za M-Pesa na kutafuta mtu maarufu wa kusambaza picha. Na ukweli mchungu ni kwamba mchango hufuata jina. Benja alikuwa na jina, hivyo watu walisikia. Yule kijana anayecheza klabu ya daraja la chini Eldoret au Kakamega, akilala hospitali leo, picha yake itafika wapi?

Mimi naona njia ni kuchanga mapema. Bima ni nini kama si harambee iliyopangwa? SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na najua malalamiko yenu yote, mengine nimeyaandika mimi mwenyewe hapa hapa. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 atake asitake. Lakini sisi wa kuhangaika, wa boda, wa salon, wa kutengeneza video kama mimi, wengi tulijisajili tukaishia hapo, au hatukujisajili kabisa. Kiwango cha chini ni soo tatu kwa mwezi. Ugumu ni kwamba wanataka ya mwaka mzima kwa pamoja, 3,600, na hiyo kwa mtu wa kipato cha leo-kesho inauma. Serikali inafaa kulainisha hapo. Lakini wakati tunaidai, mbogi ya watu kumi na wawili inaweza kufanya chama: kila mwezi kila mtu anatoa 300, na hiyo 3,600 inalipia mtu mmoja mwaka wake. Mwaka ukiisha nyote mko ndani. Chama ya kununua jezi tunaweza, ya kwenda Diani tunaweza, hii nayo itatushinda?

Na klabu zetu za michezo pia zisikilize. Wachezaji wengi wa raga Kenya wanaamka kwenda kazi au shule na jioni wanaenda mazoezi. Hawalipwi mishahara ya kueleweka. Klabu ikimchukua kijana avunje mwili wake kila Jumamosi, kitu cha chini kabisa ni kuuliza: huyu ana bima? Akiugua, nani anapigiwa simu? Ukiwa na mashindano yanayojaza watu, shilingi ishirini kutoka kwa kila tiketi iende kwa mfuko wa matibabu wa wachezaji na makocha, wa sasa na wa zamani. Wa zamani pia, tafadhali. Mtu hastaafu na magoti yake mazima. Na timu ikisafiri kwenda Kisumu au Mombasa, kwenye orodha ya vitu vya kubeba, kati ya mipira na maji, andikeni neti. Wiki mbili baada ya kurudi, mwalimu wa timu aulize kila mchezaji: kuna mtu ana homa? Hiyo haigharimu kitu. Ni swali tu, na hii ndiyo "tu" pekee ninayoikubali.

Najua kuna watakaosema nimegeuza kumbukumbu ya mtu kuwa somo la afya. Ni kweli, na nadhani ndivyo inavyofaa. Kumlilia mtu ni rahisi, na kila mwaka machozi yanapungua. Kama jina la Benja litabaki kwa uwanja peke yake, litaisha na wale walioona Singapore. Lakini kijana mmoja akirudi kutoka Dala Sevens, asikie baridi, na mwenzake amwambie "twende upimwe, unajua Benja aliondokaje", hapo jina lake linafanya kazi. Linamtetea mtu ambaye Benja hakuwahi kukutana naye. Kocha mzuri ndiye huyo, bado anafundisha akiwa hayupo.

Kwa hivyo naomba mambo manne. Ukienda ushago au pwani, lala ndani ya neti hata kama ni usiku mmoja. Ukirudi na upate homa ndani ya wiki chache, nenda upimwe siku hiyo hiyo na umwambie daktari ulikotoka kabla hajauliza. Ukipewa dawa, maliza zote. Na wiki hii, piga *147# uone kama uko kwa mfumo, halafu anzisha ile mazungumzo ya chama na mbogi yako.

Ya mwisho ni yenu. Kila mtaa una kocha wake: yule mzee wa uwanja wa vumbi anayefundisha watoto bila malipo, anayenunua mpira kwa pesa yake na kuwafukuza vijana kwa kona wakachezee uwanjani. Mpigie simu leo. Usimpigie kumsifu pekee. Muulize kama amekula, kama ana bima, kama ile kikohozi ya juzi ilipona. Halafu njoo uniandikie hapa chini jina la uwanja wake na alichokufundisha. Hawa watu nataka tuwajue wakiwa bado wanaweza kutusikia.

Pumzika, Benja. Thelathini kwa saba haitasahaulika.